Mikono Iliyopiga Pasi

Doña Tomasa Potoy wa Nandaime alizaliwa akitanguliza miguu, na hilo alikwambia kabla hujamwambia wewe waitwa nani. Kwetu mtu aliyezaliwa hivyo huja duniani na mikono ya kukanda. Hafundishwi. Mwingine atakukanda kiuno mwaka mzima na utabaki umepinda vilevile, lakini yeye ataweka kiganja tu na kitu ndani kitarudi mahali pake. Ndivyo tulivyolelewa, nami sijapata sababu ya kubisha, maana kiuno changu mwenyewe alikitengeneza yeye, baada ya mimi kuanguka na mzigo wa henzirani, zile fito nyembamba za kusukia viti, kwenye mteremko wa kutoka kwetu Masatepe.

Kazi yangu ni kusuka viti. Kwetu hakuna nyumba, hata iwe maskini vipi, isiyokuwa na kiti cha kubembea barazani, na kiti cha kubembea hakifi mbao, hufa kikalio. Kwa hiyo mimi huzunguka mji hadi mji nikiuliza nani kikalio chake kimetoboka. Nikifika Nandaime nilikuwa nikilala barazani kwa Doña Tomasa, namsukia viti vyake, naye ananipa wali na maharage na maneno mengi. Haya ninayosimulia niliyaona nimeinamisha kichwa juu ya kazi. Watu humsahau upesi mtu aliyeinamisha kichwa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye vidole vifupi vilivyojaa kama ndizi za mkungu mdogo. Mume alikuwa amekufa zamani, na wanawe walikuwa Kosta Rika wakijenga nyumba za watu. Na alikuwa na wivu. Si wivu wa mume. Huyo, nasikia, hata alipokuwa hai hakumpa sababu. Wivu wake ulikuwa wa mikono. Mtu akija na bega bovu, kabla hajakaa vizuri alikuwa ananuswa.

"Umepita kwa nani?"

"Kwa nani tena, Doña Tomasa? Nimetoka nyumbani moja kwa moja."

"Bega linanuka kitunguu. Mji huu anayekanda kwa kitunguu ni Chico wa stendi peke yake. Haya, rudi kwa Chico, amalize alichoanza."

"Mama yangu, nimekula nyama ya kukaanga tu!"

"Umeila kwa bega?"

Tukicheka, hakucheka. Angemkanda yule mtu, ndiyo, lakini kwa kumwonea, akimbinya pale panapouma mpaka aape kwamba Chico hamjui hata kwa sura.

Basi ndipo akaja Noelia.

Mama yake, Griselda, alikuwa mpiga pasi. Alipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni karibu na bustani ya mji, sare za watoto wa shule, na kanzu za padri. Mwanamke mwembamba, mpole mno, wa kuamini kila anachoambiwa na mtu aliyemzidi umri. Baba wa mtoto alikwenda kuvuna kahawa upande wa pili wa mpaka, na kahawa ile ikawa haiishi. Noelia alizaliwa baada ya uchungu mrefu, akatoka kimya, hakulia mpaka wakunga walipokata tamaa. Alipoletwa kwa Doña Tomasa alikuwa ametimiza mwaka lakini hajui kukaa. Miguu ilikuwa inajikaza na kupishana kama makasi. Ngumi zilifungwa, kidole gumba kikiwa kimefichwa ndani. Ukimnyanyua ghafla alijinyoosha nyuma mzima mzima kama ubao.

"Hospitali wamesema ubongo ulikosa hewa," Griselda alisema. "Wamesema hautapona."

"Mimi sikandi ubongo," alijibu Doña Tomasa. "Mlete hapa."

Nilikuwepo siku hiyo. Alipasha mafuta ya kuku yaliyolowekwa majani ya ruda, akajipaka, akasugua viganja mpaka vikatoa joto, kisha akamweka mtoto kifudifudi mapajani. Hakuanzia kwenye miguu iliyokaza wala kwenye ngumi. Alianzia mgongoni, polepole, kwa kiganja kizima, akishuka na kupanda bila kuachia. Kugusagusa kwa vidole hakutaka. Alisema mtoto wa aina hii ukimtekenya anajifunga. Kutoka mgongoni alikwenda kwenye mapaja, kutoka mapajani kwenye magoti. Mkono aliuanzia begani, akateremka nao. Alipofika kwenye ngumi hakuivuta. Aliisugua upande wa nyuma tu, akiiongelesha, "Fungua mlango, mama mdogo, fungua, ni mimi jirani yako," mpaka ngumi ikaachia yenyewe na kile kidole gumba kikatoka nje, cheupe na chenye unyevu kama kitu kilichokaa muda mrefu chini ya jiwe.

Griselda alilia. Doña Tomasa alifurahi kuona analia. Niliona.

Akawa analetwa kila wiki, halafu zaidi ya hapo. Mambo yalikwenda polepole sana. Mtu aliyekuwa anataka miujiza angekata tamaa. Lakini mimi niliyekuwa nakuja na kuondoka niliona vizuri kuliko waliokuwepo kila siku: safari hii anashika shanga, safari ile anainua kichwa akilala kifudifudi, safari nyingine anaweza kukaa akizungushiwa mito. Akatoa sauti yake ya kwanza iliyofanana na neno. Alisema "Ta," akimtazama Doña Tomasa.

"Umesikia?" Doña Tomasa aligeuka kwangu kama aliyechomwa. "Don Lencho, umesikia? Ananiita!"

"Nimesikia."

"Griselda, umesikia?"

"Nimesikia, Doña Tomasa," alisema Griselda, akatabasamu kwa mdomo tu. "Mimi bado hajaniita."

"Atakuita, binti, atakuita," alisema Doña Tomasa, kwa sauti ya mtu asiye na haraka ya jambo hilo kutokea.

Mwaka uliofuata kilifunguliwa kituo kidogo cha watoto nyuma ya shule. Alikuja binti mmoja aliyesomea tiba ya viungo, Ivania, mwenye miwani na baiskeli. Binti mwenye adabu. Siku ya kwanza tu alikwenda kumsalimu Doña Tomasa, akanywa tiste yake, kinywaji chetu cha mahindi na kakao, akamsifu kazi yake, na kweli alimaanisha. Ila alisema jambo moja.

"Doña Tomasa, mikono yako ni dhahabu. Lakini wewe unaye mtoto kwa muda mfupi, halafu anarudi nyumbani. Nataka mama zao nao wajue. Wakimvua nguo mtoto, wamkande. Wakimwogesha, wamkande. Wakimbeba, wambebe vizuri. Mchana kutwa, kidogo kidogo."

"Kwa hiyo kila mama atakuwa mkandaji."

"Wa mtoto wake tu."

"Nami nitauza mikate ya tortilla."

Ivania alicheka akidhani ni mzaha. Baiskeli yake haijapinda kona Doña Tomasa alikuwa ameshaimwaga tiste iliyobaki bakulini. "Kama kukanda kungefundishwa," aliniambia, "Mungu angehangaika nini kumtoa mtu kwa miguu?"

Kisha ikaja alasiri ile. Nilikuwa nasuka kikalio cha kiti chake kikubwa, henzirani imelowa kwenye ndoo, vidole vimenichubuka. Griselda aliingia amembeba Noelia, anang'aa uso kwa furaha.

"Doña Tomasa, nimefundishwa! Tazama, tazama nisije nikakosea."

Akaketi kwenye mkeka, akamlaza mtoto mapajani. Mikono yake ilikuwa myembamba, imepauka, ina alama nyekundu pale chuma kilipowahi kumgusa. Akaiweka mgongoni mwa mtoto. Hakuwa na ustadi. Alikwenda mbio mno, kisha akakumbuka akapunguza. Lakini Noelia alishusha pumzi, ile pumzi ndefu ya mtoto anayekaribia kusinzia, na miguu ile ya makasi ikaachana. Ikaachana upesi. Sijawahi kuiona ikiachana upesi namna ile, hata kwa Doña Tomasa.

Naye aliona. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya mafuta mkononi, na uso wake ukawa mdogo.

"Nani anapiga pasi siku hizi kwenye nyumba ya wageni?" aliuliza.

"Mimi bado," alisema Griselda bila kuinua kichwa.

"Kila siku?"

"Ila Jumapili."

"Na leo umepiga?"

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Ondoa mikono."

Griselda aliinua uso.

"Ondoa mikono, nakwambia! Hakukufundisha hilo, yule wa miwani? Mikono iliyopiga pasi ina moto wa chuma ndani. Unamtilia mtoto moto huo kwenye mishipa, halafu upepo wa jioni unamkuta. Unajua kinachofuata? Pasmo. Hiyo miguu unayoiona imelegea itaganda, na ikiganda hivyo hata mimi siifungui tena."

Sasa, pasmo kwetu haina mzaha. Ni kile kinachompata mtu aliyepata joto kisha akakutana na baridi. Mama yangu alipopiga pasi hakunawa mpaka kesho yake, na hakuna mpiga pasi wa Nandaime ambaye angethubutu kuingiza mkono kwenye maji baada ya kazi. Hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Lakini kwamba mkono wa pasi unamdhuru mtoto anayekandwa nao, hilo nililisikia mara ya kwanza alasiri ile, na nadhani hata Doña Tomasa mwenyewe alilisikia mara ya kwanza alipokuwa analisema.

Griselda alikuwa ameshainua mikono juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Bikira Maria! Nimemdhuru?"

"Nimewahi kuona. Mwache kwangu. Nitamrekebisha."

Niliondoka siku chache baadaye kwenda upande wa Rivas. Mvua zilikuwa zimeanza vizuri niliporudi, na kiti kimoja cha nyumba ya wageni kilikuwa kinanisubiri. Nikamkuta Noelia barazani kwa Doña Tomasa. Sasa alikuwa akiletwa kila siku na mtoto wa jirani, akisukumwa kwenye kitoroli.

"Ni wangu mchana wote," Doña Tomasa alisema, akijinyoosha mgongo. "Mama yake amenielewa. Haendi tena hata kule kituoni."

"Na mtoto?"

Mtoto nilimwona mwenyewe. Ngumi zilikuwa zimejifunga tena, gumba ndani. Doña Tomasa alipomweka mapajani, mtoto alijipinda nyuma kama upinde, na muda wote alipokandwa macho yake hayakutoka mlangoni. Ile "Ta" haikusikika.

"Ni mwezi mpevu," Doña Tomasa alisema. "Unawakaza."

Kesho yake alisema ni mvua. Keshokutwa akasema ni vumbi la henzirani zangu. Akasema kuna mtu amemtazama mtoto kwa jicho la nguvu bila kumgusa, na jicho hilo kwetu hudhuru mtoto, akamfunga uzi mwekundu wa kinga mkononi. Akaongeza ruda kwenye mafuta mpaka baraza nzima ikanuka. Alikanda mpaka jasho likamtoka, na kadiri alivyokanda ndivyo mtoto alivyogeuka kutafuta mlango.

"Anamtafuta nani?" aliniuliza kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemwita mtu huyo. "Mimi niko hapa!"

Nilipokwenda kurudisha kiti cha nyumba ya wageni, nilimwomba Doña Tomasa aje nami, maana Griselda alikuwa akiishi njia hiyo hiyo na mtoto alikuwa anahitaji kurudishwa. Mvua ilikuwa imekatika. Doña Tomasa alimbeba Noelia ubavuni, mimi kiti kichwani.

Griselda alitoka mlangoni akasimama mbali. Mikononi alikuwa amevaa soksi. Soksi nyeusi za mwanamume, zimevutwa mpaka kwenye viwiko.

"Za baba yake," alisema, alipoona tunatazama. "Aliziacha. Karibuni. Mweke kwenye machela ile ya kubembea, Doña Tomasa, tafadhali. Mimi simgusi."

"Humgusi?"

"Simgusi hata kidogo. Napiga pasi kila siku, si ndivyo? Nitajuaje moto umetoka lini? Namlisha kwa kijiko chenye mpini mrefu. Kumwogesha, jirani ananisaidia. Kulala, yeye kwenye machela, mimi chini." Alisema haya kwa namna ya mwanafunzi anayesoma somo lake vizuri akitarajia kusifiwa. "Akilia usiku namsukumia machela kwa mguu. Mguu haujapiga pasi."

Noelia alikuwa amemwona mama yake. Alijirusha mbele na mwili mzima, Doña Tomasa nusura amwangushe, na akatoa sauti ambayo haikuwa neno lolote. Griselda alirudi nyuma hatua, mikono mgongoni.

"Doña Tomasa, nilikuwa nije kwako," alisema. "Nimefikiri sana. Nikiacha pasi hatutakula. Nikipiga pasi, siwezi kumlea. Shemeji yangu yuko San José, huko Kosta Rika, ameniambia kuna kazi za ndani. Mchukue wewe. Wewe una mikono. Nitakuwa natuma matumizi."

Mimi kiti kilikuwa bado kichwani. Nilimtazama Doña Tomasa. Alikuwa amemkumbatia mtoto aliyekuwa anajikunja kuelekea upande mwingine, na usoni mwake, Mungu nisamehe, niliona furaha. Ilikuja ikakaa.

"Lini?" aliuliza.

"Jumatatu. Kuna basi la asubuhi."

Alimlaza mtoto kwenye machela, nami nikafikisha kiti, tukarudi. Alipofika aliniambia nitengeneze kiti kidogo, chenye mgongo mrefu na mahali pa kumfunga mtoto asidondoke, na kikalio cha henzirani nzuri, si ile ya viti vya watu. Nikakitengeneza. Alipanga pembe ya chumba, akaning'iniza machela, akabandika picha ya mtakatifu. Alimwambia kila aliyepita barabarani: "Jumatatu napata binti." Walipouliza mama yake anakwenda wapi, alijibu, "Mama yake hana mikono." Hata aliyekuja na bega bovu siku zile hakunuswa.

Jumatatu Griselda alikuja mapema, mtoto kwenye kitoroli, mfuko begani, soksi mikononi. Nguo za Noelia alikuwa amezifunga kwenye kitambaa, kila moja imepigwa pasi mpaka imesimama kama karatasi.

"Nilizipiga juzi jioni, nikaziacha zipoe jana kutwa nzima na usiku wote," alisema. "Hazina moto tena. Lakini kama unaogopa, zianike tena kidogo."

"Sawa," alisema Doña Tomasa, akizipokea.

"Anapenda ndizi iliyopondwa na maziwa. Akigeuza kichwa hivi, ameshiba. Akiogopa ngurumo, mwimbie, wimbo wowote tu." Alitazama barabarani. "Basi linaondoka sasa hivi. Doña Tomasa, mbusu kwa niaba yangu."

Doña Tomasa aliinama kumbusu mtoto. Noelia aligeuza kichwa. Hakukigeuza kidogo, alikigeuza mpaka shingo ikakaza, akajinyoosha wote kuelekea kwa mama yake aliyesimama na soksi zake hatua mbili kutoka pale, na ngumi zile zilizofungwa zikawa zinapiga hewa.

Doña Tomasa alibaki ameinama. Kwa muda mrefu kuliko busu.

"Leo umepiga pasi?" aliuliza, bado ameinama.

"Alfajiri. Sare zilikuwa hazijaisha."

"Vua soksi."

"Doña Tomasa, usinitanie siku kama hii."

"Vua!"

Griselda hakuvua. Basi Doña Tomasa akaingia jikoni, ambako moto wa tortilla ulikuwa unawaka, akatoka na pasi yake ya mkaa, ile nzito ya zamani, akatia makaa ndani kwa koleo. Alitandika shuka mezani akaanza kupiga pasi. Yeye, ambaye tangu nimjue hakuwa amegusa chuma cha moto kwa kuogopa kuharibu mikono, alipiga shuka lile upande huu, akaligeuza, akapiga upande ule, akalirudia tena. Kila mara alivitazama viganja vyake kwa hofu. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umemwingia.

"Mikono yako!" Griselda alipiga kelele. "Don Lencho, mzuie, ataiharibu!"

Mimi nilisimama tu, henzirani mkononi.

Doña Tomasa aliweka pasi chini. Akaja, akaweka viganja vyote viwili, vyekundu, kwenye mgongo wa mtoto. Hakuna kilichotokea. Mtoto aliendelea kulia na kujikaza vilevile, si zaidi wala si pungufu. Kisha akamfuata Griselda, akazivuta zile soksi kwa nguvu, moja, ya pili, akamkamata viwiko kama anamkamata mwizi, akamleta mpaka pale na kumbandika mikono ile kwa mtoto wake.

Sijui nieleze vipi. Mtoto alilegea kama mkate uliotiwa kwenye maziwa. Kwanza shingo, kisha mgongo, kisha magoti. Kilio kilipungua kikawa kwikwi. Griselda hakuthubutu kusogeza hata kidole, na pembeni upepo wa asubuhi ulikuwa unapita barazani jinsi upendavyo.

Baadaye, nje huko, basi lilipiga honi, likaondoka.

"Kwa hiyo haina neno," Griselda alisema.

"Haina."

"Tangu lini unajua haina neno?"

"Tangu nilipokwambia."

Griselda aliinua macho. Sikuwahi kumwona yule mwanamke mpole na macho yale.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alilegea kwako upesi kuliko kwangu," alisema Doña Tomasa, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. "Miezi yote ile namkanda, wewe umekuja siku moja na mikono yako ya mifupa! Ehe. Umeridhika?"

"Nimemlisha mwanangu kwa soksi, Doña Tomasa."

"Najua."

"Hujui. Ulikuja duniani kwa miguu, ndiyo maana kichwa hakijafika bado."

Mtu mwingine angemwambia hivyo, angefukuzwa barazani kwa ufagio. Doña Tomasa aliketi kwenye kiti chake cha kubembea, hakubembea. Griselda alimchukua mtoto kifuani, akamfunika kwa shali, akakaa naye kwenye kiti kingine, chenye kikalio changu kipya, mpaka jua likawa kali. Kisha akakusanya zile nguo za mtoto zilizonyooka, akatoka na mtoto begani, kitoroli akakiacha.

Hakurudi. Nilipopita tena Nandaime niliambiwa anakwenda kituoni kwa Ivania, na kwamba anapiga pasi huku mtoto amekaa kando yake kwenye sanduku lenye mito, na kila akimaliza shuka anaacha chuma anamkanda kidogo. Doña Tomasa hizo habari alizijua kuliko mimi. Aliziulizia kwa kila mgonjwa, kwa njia ya kudharau.

"Nasikia bado hajui kukaa."

"Anakaa, Doña Tomasa. Nimemwona jana."

"Ameegemea."

"Hakuegemea."

Huyo alibinywa mpaka akatokwa na machozi.

Halafu Jumamosi moja, nami nipo, Griselda akaingia barazani bila kubisha hodi, mtoto kiunoni. Noelia alikuwa ameongezeka mashavu.

"Sijakusamehe," alisema Griselda.

"Sikukuomba," alisema Doña Tomasa.

"Nimekuja kwa ajili ya mgongo. Akikaa anaangukia kushoto. Ivania anasema kuna kitu ulikuwa unamfanyia ubavuni ambacho yeye hakijui, nami sikukishika. Utanionyesha. Ila nitashika mimi."

"Na mimi nitaonyesha kwa nini, kwa pua?"

"Kwa mdomo. Huo unao."

Nilidhani atawafukuza. Alivuta pumzi, akaingia ndani, akatoka na mafuta, akayamimina kwenye viganja vya Griselda. Vyake mwenyewe akavifuta kwenye aproni, akavikalia. Kweli kabisa, alivikalia, kimoja chini ya kila paja.

"Anzia chini ya mbavu. Chini zaidi. Taratibu, mwanamke, unakanda unga? Kiganja, si vidole! Sasa mvute kuelekea kwako... Hapo. Hapo pana fundo, umelisikia?"

"Sijalisikia."

"Basi tafuta."

Griselda alitafuta, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Doña Tomasa alikuwa anajisogeza kitini, mabega yake yakifanya kazi ambayo mikono imekatazwa. Mara mbili mkono mmoja ulichomoka, mara mbili akaurudisha.

"Nimelipata," alisema Griselda.

Alilisugua mpaka likaisha, kisha akamkalisha mtoto kwenye mkeka, akaachia. Noelia alikaa. Aliyumba kushoto, akarudi katikati, akatutazama sote kwa zamu kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha serikali. Akacheka. Akasema kitu chenye "ma" ndani yake, na hakumtazama Doña Tomasa alipokisema.

"Don Lencho, umeona?" Griselda alipiga makofi yenye mafuta. "Umeona anavyokaa? Tufanye na upande wa kulia, Doña Tomasa? Bado mapema."

Doña Tomasa aliinuka, akachukua chupa ya mafuta, akaifunga kizibo kwa nguvu.

"Basi kwa leo," alisema. "Mtoto amechoka."

Mtoto hakuwa amechoka hata kidogo.